Sifa ya bidhaa kwenye redio: nani amelipa?

Tuseme uko Walikale-centre. Asubuhi, mtangazaji anasifu pano fulani ya jua: inawasha taa usiku mzima, inajaza telefoni za nyumba yote. Unatuma makuta Goma, mzigo unafika na pikipiki. Kisha wiki mbili pano imekufa, na kuirudisha kunaomba transport kubwa kuliko bei yake. Halafu unasikia kwamba mwenye duka alimpa mtangazaji kitu kidogo. Je, ulidanganywa?

Pengine mtangazaji hakusema uongo hata neno moja. Lakini alikuficha jambo ulilohitaji ili kupima maneno yake: kwamba alilipwa.

Kwenye intaneti jambo hili liko na sura yake. Kuna kurasa zinazopima telefoni, batri na vyombo vya nyumba. Chini ya maelezo kuna mahali pa kubonyeza panapokupeleka dukani. Ukinunua kwa kupitia hapo, duka linamlipa mwenye ukurasa komisio. Amazon ilianza mpango wa namna hii mwaka 1996. Mwandishi anapata kitu ukinunua; akikuambia "acha, hii ni mbaya," hapati kitu. Hapo njo hatari iko. Marekani, ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, ilieleza wazi mwaka 2009 kwamba mwenye kulipwa ili asifu bidhaa lazima aseme, hata kama anaandika kwenye ukurasa wake mwenyewe.

Hapa kwetu Kongo tuko na ndugu ya komisio hiyo, na kila mtu anamjua: coupage. Ni bahasha, ao "transport", ambayo mwenye habari anampa mwandishi ili habari yake ipite vizuri. Sababu yake inajulikana: waandishi wengi wanafanya kazi bila mshahara ao kwa mshahara mdogo sana. Lakini kanuni za maadili za mwandishi wa habari wa Kongo, zilizopitishwa mwaka 2004, zinamkataza kupokea zawadi kwa kazi yake. Hata mbele ya hapo, hati ya Munich ya mwaka 1971 ilisema mwandishi asichanganye kazi yake na ile ya mtu wa matangazo, wala asipokee maagizo ya wenye kutangaza.

Hiyo haina maana redio ikatae makuta ya matangazo. Communiqué ya kilio ao ya kitambulisho kilichopotea inalipiwa, na hakuna anayelalamika, juu kila mtu anajua imelipiwa. Ubaya unaanza pale tangazo linasomwa kama habari.

Basi redio inayotaka kuaminiwa ifanye nini? Iseme mwanzoni na mwishoni: "Hili ni tangazo, limelipiwa na fulani." Anayepokea makuta ya matangazo asiwe yeye anayeamua habari gani ipite. Na mwenye duka asiandike maneno ya mwandishi, wala asimkataze kusema kasoro. Akitaka sifa tupu, anunue tangazo.

Kwa pano mbaya umepoteza makuta. Kwa dawa unaweza kupoteza mtu. Mama wa kijiji cha Masisi anayesikia kwamba chupa moja inaponyesha homa, tumbo na sukari, anaweza kumnywesha mtoto siku tatu mbele ya kumpeleka centre de santé. Kama mtoto yule alikuwa na malaria, siku tatu ni nyingi sana. Mama angesikia "limelipiwa na muuza dawa," pengine angeuliza infirmier kwanza.

Wewe msikilizaji pia uko na nguvu. Ukisikia bidhaa inasifiwa, uliza mambo matatu. Nani amelipa? Anayesifu ameitumia yeye mwenyewe, na kwa muda gani? Amesema kasoro hata moja? Kitu kisicho na kasoro hata moja hakijatengenezwa bado.

Na kama redio haisemi nani amelipa, piga simu wakati wa kipindi uulize. Ni haki yako. Wenye kutangaza wanalipa makuta, lakini wewe unalipa kwa kuamini, na redio ya kijamii ikipoteza imani ya watu wake, siku ya habari ya hatari hakuna atakayeisikiliza.