Je, Wajua? Gemu, Ubishi na Kura

Je, wajua kwamba mhusika aliyeshinda kura za mashabiki mwaka 2007 hakuwa na uso wala jina la maana? Kwenye shindano la tovuti ya GameFAQs, kipande cha Tetris chenye umbo la L kilipigiwa kura kwa utani, utani ukanoga, na fainalini kikawabwaga Link wa Zelda, Cloud wa Final Fantasy VII na Solid Snake kwa mpigo.

Na miaka minane baadaye, hapo hapo, Undertale ilitawazwa gemu bora ya zama zote ikiwa na miezi mitatu tu tangu itoke. Iliiangusha Ocarina of Time, kigogo cha 1998. Shabiki mpya, kama mwongofu mpya, hakosi ibada.

Je, wajua kwamba Wajapani nao hubadili msimamo? Mwaka 2006 wasomaji wa jarida la Famitsu waliiweka Final Fantasy X kileleni. Mwaka 2019, walipoulizwa gemu bora ya zama za Heisei, enzi ya kifalme ya Japani iliyokuwa ikiisha, wakachagua Chrono Trigger ya 1995. Zote mbili ni za Square, kwa hiyo kampuni haikuwa na la kulalamikia.

Je, wajua kwamba BAFTA ya Uingereza ilipouliza umma mwaka 2025 ni gemu gani iliyoacha athari kubwa kuliko zote, jibu lilikuwa Shenmue? Si Doom, si Super Mario Bros. Ni Shenmue ya 1999, ambamo mchezaji anafungua droo za nyumbani moja moja na kufanya kibarua cha foklifti bandarini. Iliigharimu Sega pesa kuliko ilizorudisha. Kwenye vibanda vyetu vya gemu ubishi ungeishia PES au FIFA, na watu wangenuniana wiki nzima.

Je, wajua kwamba matokeo ya kura moja yalifichwa miaka sita? Mwaka 2015 Nintendo iliwaomba mashabiki wataje mpiganaji wa kuongezwa kwenye Super Smash Bros. Kura zaidi ya milioni 1.8 zikaingia. Desemba ikatangazwa kwamba Bayonetta ameongoza miongoni mwa wahusika ambao ingewezekana kuwapata, na wengi wakadhani yameisha. Oktoba 2021, akimtambulisha mpiganaji wa mwisho kabisa, Sora wa Kingdom Hearts, mwongozaji Masahiro Sakurai akafichua kwamba huyu ndiye aliyekuwa namba moja tangu mwanzo. Kikwazo kilikuwa ruhusa: Sora ana mkono wa Disney, na Disney haigawi wahusika wake kama njugu.

Je, wajua kwamba katika The Game Awards majaji wana asilimia 90 ya uzito na mashabiki asilimia 10? Tuzo moja tu wameachiwa mashabiki yote. Mwaka 2024 waliipa Black Myth: Wukong ya China, wakati taji kubwa lilikwenda kwa Astro Bot.

Tuzo za 2023 za Steam, duka la gemu la mtandaoni, zinazoamuliwa na wachezaji watupu, ziliipa Starfield ushindi wa ubunifu, na Red Dead Redemption 2 ikatwaa ya gemu inayoendelea kutunzwa na waundaji wake. Waundaji hao, Rockstar, walikuwa wameshasema mwaka 2022 kwamba hawana makubwa tena ya kuongeza upande wa mtandaoni wa gemu hiyo. Kejeli nayo huhesabiwa kura.

Je, wajua kwamba Februari 2014 maelfu ya watu walicheza Pokémon Red kwa pamoja kupitia Twitch, kila mmoja akiandika amri yake? Mhusika wa gemu, kijana wa watu, akawa anazunguka palepale, anagonga ukuta, anafungua begi, analifunga, analifungua tena. Mwanzilishi akaleta utaratibu wa kura: amri yenye wengi ndiyo ifuatwe. Wapenda vurugu wakachukia. Wakapiga kura, tena kwa wingi, wakichagua “start9”, yaani kitufe cha menyu kibonyezwe mara tisa mfululizo, na safari ikasimama kabisa. Ikabidi watu waachiwe kuvutana hata juu ya utaratibu wenyewe: vurugu au demokrasia. Gemu iliisha baada ya siku 16.

Je, wajua kwamba ipo gemu iliyofufuliwa kwa kura? Mwaka 2013 Jagex ya Cambridge iliwauliza wachezaji wa RuneScape kama warudishiwe toleo la 2007. Zikaja kura zaidi ya 440,000, na toleo likarudi. Tangu hapo karibu kila jambo jipya hupelekwa kwao kwanza. Kizingiti kilikuwa asilimia 75. Mwaka 2022 kikashushwa hadi 70. Mwaka uliofuata ukapigiwa kura ujuzi mpya wa ubaharia, ukapita kwa asilimia 71 na ushei. Kwa sheria ya zamani ungezama.