Kanzu Iliyochanika Nyuma

Watoto wa chuoni, tangu Lamu hadi Vanga, wanakijua kisa cha kanzu ya Nabii Yusuf (A.S.). Ilipotazamwa ikaonekana imechanika nyuma wala si mbele, na hapo ikajulikana nani aliyekimbia na nani aliyemfuata. Kanzu ndiyo iliyosema.

Basi somo la upelelezi wa kisayansi, ambalo walimu wa nchi nyingi hulifundisha kwa kuwapa wanafunzi wizi wa kubuni wautatue, si geni kwetu. Na mahali pake hasa ni kama Isinya, katika mbuga za Kajiado zinazokatwa na barabara ya Nairobi kwenda Namanga. Huko mtoto mchungaji husoma kwato mapema kuliko herufi. Waarabu wa Banu Mudlij walisifika kwa ujuzi wa namna hiyo, mmoja wao, Mujazziz, alimfurahisha Mtume (S.A.W.) kwa kutambua nasaba ya Zayd na Usama kwa kutazama miguu yao tu.

Vifaa ni rahisi. Unyayo ulio topeni humiminiwa plasta, ikakauka ikatolewa. Alama ya kidole kwenye gilasi hupakwa masizi laini kwa brashi, kisha huinuliwa kwa selotepu na kubandikwa karatasini. Wino wa barua ya vitisho hutiwa tone kwenye karatasi ya kuchujia. Ncha ikichovywa majini, rangi hupanda na kutengana. (Wino wa biro hautaki maji, wataka spiriti.)

Aliyebuni hesabu ya kuzipanga alama za vidole katika visanduku 1,024 ni Muislamu wa Bengal, Azizul Haque, katika ofisi ya Calcutta. Sifa akapewa mkubwa wake, Edward Henry. Kenya tulizijua alama hizo kwa uchungu, katika kipande walichoning'inizwa shingoni wanaume Waafrika wakati wa ukoloni.

Lakini ujuzi bila uaminifu haufai kitu. Mwaka 1988 mabaki ya Julie Ward, Muingereza, yalipatikana Maasai Mara. Daktari wa polisi, Adel Shaker, aliandika kwamba mfupa ulikatwa kwa kitu chenye makali. Taarifa yake ikageuzwa na wakubwa, ionekane kuwa ni kazi ya wanyama.

Kwa hiyo mwalimu na awaamuru wanafunzi waandike kwa wino walichokiona, na kutia sahihi, kabla hawajatajiwa jina la mshukiwa yeyote.