Usiirudishe /etc Nzima

Wenye vyumba vya kompyuta wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, wameniuliza hata nimechoka: "Fundi, nikiinakili /etc yote katika flashi kabla ya kupanda kutoka Debian 12 kwenda 13, kisha nikairudisha, mipangilio yangu si itasalimika?"

La, haitasalimika, na mimi sifahamu ni nani aliyeieneza dawa hii ya kilingeni. Flashi aghalabu hutengenezwa kwa mfumo wa FAT, usiojua mwenye faili ni nani wala nani ameruhusiwa kuisoma. Kwa hiyo funguo za siri za SSH, zilizokuwa za root peke yake, huweza kurejea zikiwa wazi kwa kila mtu, na sshd, kwa haki kabisa, ikazikataa, nawe ukafungiwa nje ya seva yako mwenyewe. Faili za kiungo, zile zinazoelekeza kwingine, hazinakiliki humo kamwe. Tuseme umetumia diski njema, na idhini zote zimehifadhiwa: bado passwd na group za zamani zitawafuta watumiaji wa mfumo waliozaliwa pamoja na programu mpya, na sources.list ya kale itaiambia apt irudi kuchota katika toleo ulilokwisha kulihama. Fauka ya hayo, wako wanaoapa kwamba php.ini yao imefutwa, ilhali imo salama katika /etc/php/8.2, na PHP mpya inasoma ya /etc/php/8.4, ambayo hawakuifungua hata mara moja! Kinachostahili kuhifadhiwa ni yale uliyoyabadili wewe, wala si folda nzima na takataka zake.

Na dpkg yenyewe, wakati wa kupanda, huuliza ubakishe faili yako au uchukue mpya, ila tu pale faili uliyoigusa wewe imebadilishwa na watengenezaji pia. Bonyeza D uone tofauti, badala ya kubonyeza huku umefumba macho. N hubakisha yako, na mpya ikawekwa kando kwa jina linaloishia na .dpkg-dist, Y huleta mpya, na yako ikapewa mwisho wa .dpkg-old. Mabadiliko yako yaandike katika faili za pembeni, mathalani ndani ya /etc/ssh/sshd_config.d, sakinisha etckeeper ikutunzie tarehe ya kila badiliko, nakala ya akiba ifanye kwa tar, ukaitoe humo faili mojamoja kwa haja. Betri iwe imejaa kabla hujaanza, na umeme ukikatika katikati, amri ni dpkg --configure -a.