Fensi Isiyoonekana: Mbwa Anaijua, Mgeni Je?

Ukiwa na nyumba Silver Spring, Bowie au Woodbridge, na una mbwa, kuna siku jirani atakwambia: "Wewe weka tu ile fensi ya chini ya ardhi." Hakuna mbao, hakuna seng'enge, bei ni nafuu, na uwanja unabaki wazi. Inavutia, hasa kama mkopo wa nyumba bado ni mbichi. Lakini kabla hujatoa kadi ya benki, hebu tuulizane: hii fensi inamzuia nani, na inawaacha nani?

Kwanza, inavyofanya kazi

Fensi hizi zimekuwepo Marekani tangu miaka ya 1970. Ya kawaida ni waya unaofukiwa kuzunguka uwanja, ukiunganishwa na kifaa kilichochomekwa kwenye umeme ndani ya nyumba. Waya unarusha mawimbi ya redio. Mbwa anavaa mkanda shingoni wenye kipokezi na vijino viwili vya chuma vinavyogusa ngozi. Akikaribia mpaka, mkanda unalia au unatetemeka. Akiendelea mbele, anapigwa shoti.

Siku hizi kuna na za GPS, zisizohitaji waya. Unachora mpaka kwenye simu yako, basi. Tatizo ni kwamba GPS hukosea kwa mita kadhaa, na huzidi kukosea chini ya miti mikubwa au karibu na kuta. Kwenye ekari tano hilo si neno. Kwenye kiwanja cha nyumba za kuungana, mita tatu ndiyo robo ya uwanja wenyewe.

Jambo la kushika ni hili: kinachomzuia mbwa si waya, ni mafunzo. Wiki za mwanzo unapanga vibendera kwenye mpaka na kumtembeza mbwa kwa kamba, mara kadhaa kwa siku, mpaka aelewe kwamba mlio maana yake ni "rudi nyuma". Anayefukia waya Jumamosi na kumwachia mbwa Jumapili hajaweka fensi. Ameweka shoti tu.

Kwa nini inapendwa sana huku

Sababu kubwa ni sheria za mtaa. Maeneo mengi ya DMV yalijengwa kwa mpango wa uwanja wazi. Reston, Virginia, ilianza 1964; Columbia, Maryland, ikaanza 1967. Huko kote, na kwenye mitaa mingi mipya yenye HOA, huwezi kuamka tu na kujenga ukuta. Unapeleka ombi, unaonyesha urefu, rangi na aina ya mbao, unasubiri. Mara nyingi fensi ya mbele ya nyumba hairuhusiwi kabisa. Waya wa chini ya ardhi hauonekani, kwa hiyo haumkeri mtu.

Sababu ya pili ni hela. Fensi ya mbao kuzunguka uwanja mzima inakula maelfu ya dola. Waya wa kufukia mwenyewe ni mamia tu.

Hizo ni sababu za kweli. Ila zote zinahusu mwonekano na mfuko. Hazijagusa swali la nani yuko salama.

Neno "ua" linajua kitu

Kwenye Kiswahili cha wazazi wetu, neno moja linabeba vitu viwili: ua ni ule uzio, na ua ni ule uwanja uliozungukwa na uzio. Ndiyo maana tunasema watu wako uani. Kwa lugha yetu, bila uzio hakuna uani, kuna eneo tu.

Na uzio wa kwetu unasema na watu wa pande zote mbili. Mtu akiona michongoma au geti lenye kibao "Mbwa Mkali", anasimama na kupiga hodi. Hata uzio wa umeme tunaufahamu. Ule wa Aberdare, Kenya, uliokamilika 2009, una urefu wa karibu kilomita 400. Unamtenga tembo na shamba la mkulima, na wote wawili wanauona. Tembo anajua, mkulima anajua.

Fensi isiyoonekana inasema na mmoja tu. Mbwa wako anajua mpaka uko wapi. Mtoto wa jirani hajui. Mtu wa kuleta mizigo hajui. Shangazi yako aliyekuja na sufuria ya pilau hajui. Anachoona yeye ni mbwa anayemkimbilia kwa kasi, na hakuna kitu katikati.

Fikiria nyumba zetu zilivyo

Hapa ndipo ushauri wa jirani unapotuacha. Vitabu vya kufundisha mbwa vimeandikwa kwa nyumba yenye watu wanne na mgeni wa mara moja moja. Nyumba zetu siyo hivyo. Kuna nyama choma ya Memorial Day, kuna kamati ya harusi, kuna matanga, kuna Idi, kuna mama aliyekuja kukaa miezi sita kulea mjukuu. Watu wanapitia nyuma bila kupiga simu.

Na wengi wao wana sababu ya kumwogopa mbwa. Waliokulia Tanzania, Kenya au Kongo wanakumbuka mbwa wa ulinzi wanaofunguliwa usiku, na wanakijua kichaa cha mbwa kama ugonjwa unaoua, siyo kama cheti tu cha chanjo. Kwa familia nyingi za Kiislamu kutoka pwani, zinazofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee aliyekwisha tawadha akisubiri swala ya magharibi hataki kuhakikishiwa kwamba "haumi". Anataka kitu kinachoonekana kati yake na mbwa. Hiyo siyo ushamba, ni heshima ya kawaida kwa mgeni.

Kinachoingia kutoka nje

Fensi hii haimzuii yeyote asiyevaa mkanda. Mbwa wa mtaa wa pili anaingia. Mbweha anaingia. Koyote nao wapo. Ndani ya Rock Creek Park, katikati ya DC, waliripotiwa kwa mara ya kwanza 2004. Rakuni, ambaye ndiye mbebaji mkuu wa kichaa cha mbwa upande huu wa pwani ya mashariki, anaingia akitaka. Mbwa wako mdogo akivamiwa, mpaka unaomzuia kukimbia ni wake peke yake.

Halafu kuna paa. Ukiishi Montgomery County unajua wanavyopita uani jioni kama wenye nyumba. Mbwa mwenye damu ya uwindaji, kama husky au beagle, akimwona paa anaweza kuvuka mpaka bila hata kuhisi ile shoti. Kurudi sasa ndiyo kazi. Paa ameshapotea, hasira ya kukimbiza imeisha, na mpaka uleule unamsubiri kumpiga akiwa anarudi nyumbani. Anabaki barabarani.

Umeme nao hukatika. Dhoruba ya tarehe 29 Juni 2012 iliacha zaidi ya nyumba na biashara milioni moja za eneo hili bila umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Betri ya mkanda nayo huisha, bila kukuaga.

Mbwa mwenyewe anajifunza nini?

Sisi tunadhani anajifunza: "nikifika pale, naumia." Lakini mbwa anaweza kuunganisha maumivu na kile alichokuwa anakitazama wakati ule. Kama kila akikimbilia mpaka kumsalimia mtoto anayepita anapigwa shoti, anaweza kuhitimisha kwamba mtoto ndiye anayeleta maumivu. Mwaka 2000 mtafiti Richard Polsky alichambua visa vitano vya mbwa wa fensi za aina hii walioshambulia watu. Visa vitano havituambii hatari ni kubwa kiasi gani, ila vinaonyesha inavyoweza kutokea.

Wales ilipiga marufuku mikanda ya shoti kwa mbwa na paka mwaka 2010. Hapa Marekani ni halali, lakini AVSAB, chama cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia, kilitoa msimamo mwaka 2021 kwamba mbwa wafundishwe kwa kutuzwa, siyo kwa maumivu.

Na sheria?

Kwa wakaazi wa Maryland, hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Tangu 2014, mbwa akimjeruhi mtu, sheria inaanza na dhana kwamba mwenye mbwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba mbwa wake ni hatari. Ni kazi yako kuthibitisha vinginevyo. Na kama mbwa alikuwa anazurura nje bila udhibiti, unawajibika hata kama hukuwa na kosa, isipokuwa katika hali chache kama mtu kumchokoza. Kwa hiyo mbwa aliyevuka waya kumfuata paa, akamkuta mpita njia, hilo ni deni lako. Uliza bima yako ya nyumba inasemaje kabla, siyo baada.

Basi, inamfaa nani?

Ipo hali ambayo inafaa. Bora kuliko zote ni kuiweka kama nyongeza ndani ya fensi halisi, kwa mbwa anayechimba au kuruka: mbao zinawazuia watu na wanyama wa nje, waya unamzuia yeye asikaribie mbao. Inaweza pia kufaa kwenye kiwanja kikubwa, mbali na barabara na njia ya miguu, kwa mbwa mzima, mtulivu, asiyeogopa wala kukimbiza, na wewe ukiwa nje pamoja naye.

Haimfai mbwa mchanga, mwoga, mkali au mwindaji. Haifai uwanja wa mbele unaopakana na njia ya watoto wa shule. Haifai kama mpango ni kumwacha nje na kwenda kazini. Na mkanda usikae shingoni mchana kutwa na usiku kucha. Vile vijino vikikandamiza ngozi sehemu moja muda mrefu huleta vidonda.

Ukiamua kuweka, piga 811 kabla ya kuchimba, ni bure, waje kuonyesha mabomba na nyaya ziko wapi. Weka kibao cha kuwajulisha watu. Mgeni akija, mbwa aingie ndani au awe kwenye kamba.

Ukiamua kutoweka, bado una njia. Soma kanuni za HOA mwenyewe. Nyingi zinaruhusu fensi ya nyuma yenye urefu fulani ukiomba kwa utaratibu. Fensi ndogo ya sehemu tu ya uwanja inatosha mbwa wengi na inapunguza bei. Kwa kukimbia, mpeleke Shirlington, Arlington, au ile bustani ya mbwa ya Wheaton. Kwa mengine yote kuna kamba, asubuhi na jioni, ambayo inakufaa na wewe.

Mtihani wetu ni rahisi. Simama pale unapotaka mpaka upite, kisha mfikirie mtu asiyejua lolote kuhusu mbwa wako akija kutoka barabarani. Atajua asimame wapi apige hodi? Kama jibu ni hapana, weka kitu anachoweza kukiona.