Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mabadilishano ya Kimataifa katika Chuo Kikuu cha Afya Kazini

Utangulizi

Mnamo mwaka 1700, tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Katika kitabu hicho aliwahimiza matabibu waongeze swali moja juu ya yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali hilo ndilo msingi wa taaluma ya afya kazini hadi leo. Makala haya yanaangazia chuo kikuu kilichojengwa juu ya swali hilo, yaani Chuo Kikuu cha Afya Kazini na Mazingira cha Japani, kifahamikacho kwa ufupisho UOEH. Aidha, yanaeleza kwa nini chuo cha aina hii hakiwezi kutimiza wajibu wake pasipo kubadilishana wanafunzi, wataalamu na maarifa na mataifa mengine.

Chimbuko la Chuo

UOEH kiko Kitakyushu, katika mkoa wa Fukuoka, kusini-magharibi mwa Japani. Jiji hilo liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganishwa miji mitano. Katika mmojawapo, Yahata, kiwanda cha chuma cha serikali kilikuwa kimeanza kazi tangu mwaka 1901. Kwa muda mrefu moshi wa viwanda ulichukuliwa kuwa ishara ya neema. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1960, Ghuba ya Dokai ilikuwa imechafuka kiasi cha kuitwa bahari ya mauti. Kina mama wa Tobata, waliochoka kuanua nguo zilizojaa masizi, walifanya uchunguzi wao wenyewe, na mwaka 1965 wakatengeneza filamu ya kudai anga safi.

Ndani ya migodi hali ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 9 Novemba 1963, vumbi la makaa ya mawe lililipuka katika mgodi wa Miike, katika mkoa uo huo wa Fukuoka. Watu 458 walifariki, na wengine zaidi ya 800 wakadhurika kwa hewa ya sumu. Wengi wa walionusurika walibaki na madhara ya kudumu ya ubongo.

Mwaka 1972 Japani ilipitisha sheria ya usalama na afya kazini. Chini ya sheria hiyo, mahali pa kazi penye wafanyakazi 50 au zaidi ni sharti pawe na daktari wa kushughulikia afya yao. Sheria ilipatikana, lakini madaktari wenye ujuzi huo walikuwa haba. Ili kuziba pengo hilo, UOEH kilianzishwa mwaka 1978. Wanafunzi wake wa udaktari hukopeshwa sehemu ya karo, na mkopo huo husamehewa wanapotumikia taaluma ya afya kazini kwa muda uliowekwa.

Sababu za Mabadilishano

Msomaji huenda akauliza: ikiwa chuo kilianzishwa ili kutatua tatizo la Japani, wageni wanahitajiwa kwa nini?

Sababu ya kwanza inatokana na tabia ya maradhi yenyewe. Mengi ya maradhi ya kazini hujificha. Anayevuta vumbi la asbestosi leo anaweza kupata saratani baada ya miaka 20, 30 au 40. Nchi ambayo viwanda vyake ni vichanga huenda isiwaone wagonjwa hao mpaka maelfu ya watu wawe wamekwisha kuvuta vumbi. Japani iliwaona. Elimu hiyo ililipiwa kwa mapafu ya wafanyakazi, na ni dhuluma kuiacha ilipiwe mara ya pili kwingineko.

Sababu ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Mgodi wa Miike ulifungwa mwaka 1997. Daktari kijana wa Japani anaweza kuyasoma maradhi ya vumbi kitabuni bila kuwaona wagonjwa wengi wapya. Mwenzake atokaye katika nchi yenye machimbo huwaona mara kwa mara. Hapa ndipo usemi "mgeni njoo, mwenyeji apone" unapodhihirika: mgeni huja kujifunza, lakini pia huleta macho.

Sababu ya tatu ni kuhama kwa watu. Mwaka 1993 Japani ilianzisha mpango wa kuwapokea vijana wa nchi nyingine kujifunza kazi katika viwanda na mashamba yake. Kwa hiyo daktari aliyesomea Kitakyushu anaweza kukutana na mfanyakazi wa kigeni katika kiwanda kilicho karibu naye.

Yanayostahili Kubadilishwa

Taasisi ya utafiti ya UOEH imewahi kuteuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa kituo shirikishi cha afya kazini. Vilevile, kupitia shirika la JICA, wataalamu wa nchi zinazoendelea wamehudhuria mafunzo chuoni humo.

Hata hivyo, mgeni anaweza kurudi kwao na cheti kizuri, akakuta hana hata mashine moja kati ya zile alizofunzwa. Mabadilishano yenye manufaa hayaanzi na mashine. Huanza na mpangilio wa fikra. Kwanza, je, hatari yenyewe inaweza kuondolewa? Pili, je, kitu chenye madhara kinaweza kubadilishwa kwa kingine? Tatu, je, vumbi linaweza kuloweshwa, kufunikwa au kufyonzwa lisimfikie mtu? Nne, je, saa za kukaa karibu nalo zinaweza kupunguzwa? Barakoa huja mwisho, ingawa katika karakana nyingi ndiyo hutajwa kwanza. Ndoo ya maji iliyotumiwa kwa busara huweza kuokoa mapafu.

Nafasi ya Lugha

Swali la Ramazzini halina maana iwapo anayeulizwa halielewi. Jarida la UOEH huchapisha makala kwa Kijapani na Kiingereza, lakini mchomeleaji wa jua kali jijini Nairobi huueleza ugonjwa wake kwa Kiswahili. Akisema anatweta, anabanwa na kifua, au anakohoa makohozi yenye masizi, kila kauli ina uzito wake. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya. Istilahi za vumbi, kelele, sumu na mtetemo zinahitaji kukusanywa kutoka vinywani mwa wafanyakazi wenyewe. Kiswahili hufundishwa Japani katika Chuo Kikuu cha Osaka, kwa hivyo daraja la lugha baina ya nchi hizi mbili limekwisha kuwekewa nguzo.

Hitimisho

Ni bayana kwamba mabadilishano ya kimataifa katika chuo cha afya kazini si pambo la chuo. Ni njia ya kuhakikisha kwamba funzo lililopatikana Miike kwa vifo vya watu 458 linamfikia mchimba mawe wa kwingineko kabla hajaanza kukohoa. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kinga husafiri tu pale ambapo watu na lugha zao husafiri nayo.