Mwezi wa Saba, Mashua Ziende Naivasha

Julai, ukungu wa Aberdare unapoishukia Tetu na watu wakashinda na makoti, wenye mashua ndogo za tanga za kuvutwa kwa trela hutamani kushuka Pwani kwenye joto. Hamu hiyo inaeleweka, lakini pepo haziiungi mkono. Huo ndio msimu wa kusi, upepo mkali unaoichafua bahari nje ya mwamba, hata wavuvi wenye vyombo vidogo wakabaki ndani. Pwani ingojee kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Kwa sasa kundi lishike njia ya Nyahururu na Gilgil mpaka Ziwa Naivasha.

Wapo watakaosema Naivasha nako ni baridi, maana ziwa liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, tena lina viboko. Ni kweli, na ndiyo sababu saa za safari zipangwe kwa makini. Asubuhi maji huwa shwari. Upepo huamka mchana. Milingoti isimamishwe na kamba zikaguliwe nchi kavu, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, na kundi lifuate mwendo wa mashua iliyo nyuma kabisa. Kabla ya magharibi zote ziwe zimerudi kwenye trela, kwani viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Na aliyelowa abadili nguo mara moja: upepo wa Julai ukimpiga, vidole hufa ganzi, akashindwa kufungua hata fundo la tanga.