Baiskeli ya Umeme Juu ya Barafu

Ndugu msikilizaji, mpwa wangu anasoma Oulu, mji ulio kaskazini mwa Finland. Juzi ameniarifu kwamba amepata kibarua cha kupeleka vyakula majumbani kwa baiskeli ya umeme. "Mjomba," ananiuliza, "majira ya baridi yanakuja. Nitaweza kweli?"

Najua wengi wenu mna watoto ughaibuni wanaofanya kazi za namna hii, na wanaolipwa kwa kila mzigo unaofika. Kijana akivunjika mkono, ujira umekatika, na ada ya wadogo zake huku nyumbani nayo imekatika. Kwa hiyo namjibu hadharani.

Nilikaa Oulu majira mawili ya baridi. Niliona vikongwe na watoto wa shule wakiendesha juu ya theluji bila wasiwasi. Si ajabu kwamba mkutano wa kwanza wa kimataifa wa uendeshaji wa baiskeli wakati wa baridi ulifanyika katika mji huo mwaka 2013. Watu wale hawana uchawi. Wanachojua ni kwamba juu ya barafu kinachoangusha ni badiliko la ghafla: kuongeza mwendo ghafla, kukata kona ghafla, kufunga breki ghafla.

Hapo ndipo mota inapokuwa na hila. Baiskeli ya kawaida huenda kwa nguvu za miguu yako, nawe unazijua. Mota husukuma yenyewe, na nyingine huendelea kusukuma kidogo hata baada ya kuacha kukanyaga. Kwa hiyo weka msaada wa mota katika kiwango cha chini. Kabla ya kona, acha kukanyaga mapema, pinda taratibu bila kulala upande, kisha ndipo ukanyage tena. Breki ya nyuma ndiyo ya kutangulia, tena kwa upole. Gurudumu la mbele likiteleza, huna nafasi ya kujitetea.

Pili, matairi. Yako matairi yenye vijimisumari vya chuma vinavyouma barafu. Fedha zikitosha kwa tairi moja tu, lifunge mbele. Punguza upepo kidogo ili tairi likamate ardhi vizuri, lakini usishuke chini ya kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake.

Tatu, usidanganywe na kipimajoto. Baridi kali ya nyuzi 20 chini ya sifuri hutisha, lakini barafu yake ni kavu na ina mshiko. Ya kuogopa zaidi ni siku ya karibu na sifuri, barafu inapokuwa na utando wa maji juu yake. Lami ikionekana kama imelowa tu, shuka ukokote. Hakuna aibu.

Nne, betri. Baridi huipunguzia nguvu, basi usipange safari ya mbali kama ya kiangazi. Ukifika nyumbani, ichomoe uingie nayo ndani, uiache ipate joto la chumba, ndipo uichaji. Betri ya lithiamu ikichajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu huganda ndani yake kama utando wa chuma. Betri huharibika moja kwa moja, na inaweza hata kuleta hatari ya moto.

Mwisho, taa. Mwezi Desemba jua la Oulu huchomoza karibu saa nne na nusu asubuhi na kuzama mnamo saa nane mchana. Karibu kazi yako yote itakuwa gizani. Washa taa mbele na nyuma, na uvae kofia ngumu.

Mpwa wangu, mteja atakayenung'unika kwa kuwa chakula kimechelewa dakika 10 atasahau kesho. Mfupa uliovunjika hausahau. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Nadhani hata barafu hawakuwahi kuiona.

Kwaherini, hadi juma lijalo.